Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa mgahawa wa Kimalaysia, London, siku ya Ijumaa

Nikipiga simu nyumbani Tanga naulizwa "bado uko kwenye kubeba sahani?" na hapa London nako kuna wateja wanadhani tumewekwa pale tusubiri wao waamue. Kwa hiyo leo nawaeleza kazi yangu ilivyo. Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa wa Kimalaysia upande wa Aldgate, katikati ya maofisi ya benki na bima. Sahani yetu ya nasi lemak, yaani wali wa nazi na sambal ya pilipili, pamoja na kuku haifiki pauni 10, na kwa mtaa ule hiyo ni bei ya kumwezesha kila mtu, kuanzia bosi wa ofisi mpaka fundi wa ujenzi na mwanafunzi. Nimechagua Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndiyo inakupima.

Saa 11 na nusu alfajiri. Naamka, naswali, chai na mkate, natoka na treni ya Hammersmith & City kutoka Barking mpaka Aldgate East. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa 2 kasoro asubuhi. Nikifika jikoni pameshachangamka zamani. Mpishi wetu mkuu ni mama wa Kelantan, jimbo la Malaysia, sote tunamwita Kak, yaani dada, kwa heshima yake, na yeye rendang ameshainjika tangu hakujapambazuka. Rendang si mchuzi wa kukimbizana nao. Ni nyama ya ng'ombe na tui zito, mchaichai, tangawizi, manjano na pilipili, inachemka pole pole masaa na masaa mpaka tui linakauka lote nyama inabaki inang'aa kwa mafuta yake, halafu anatia nazi aliyoikaanga kavu akaitwanga. Jiko la pembeni kuna sambal, yaani pilipili kavu zilizolowekwa zikasagwa, zinakaangwa na kitunguu na ukwaju na belacan, ambayo ni kamba waliosagwa wakachachushwa, na Kak haondoki hapo mpaka mafuta yapande juu. Harufu ya belacan ikishika mtandio mpaka ufue. Mimi mtu wa pwani hainisumbui, tui la nazi na dagaa nimekua navyo, na nadhani ndiyo maana Kak alinipenda mapema maana nilikuwa najua kuonja.

Saa 3 mpaka saa 5. Kupanga meza, kujaza chupa za pilipili, kuandika joto la mafriji kwenye daftari (sheria inataka lisizidi nyuzi 8, sisi tunaweka 5, na chakula kinachokaa moto kisishuke 63), mtu wa halmashauri huwa anakuja bila taarifa na stika yetu ya usafi ni 5, ndiyo alama ya juu kabisa, na hatutaki ishuke.

Saa 5 na nusu. Tunasimama dakika tano na Kak anatuambia kipi kipo na kipi hakipo. Leo laksa, tambi za mchuzi wa viungo, ni kidogo, ikiisha imeisha. Halafu mimi naenda kituo changu cha chai. Teh tarik hakuna mwingine anayeigusa nikiwepo, na hilo nasema kwa kujidai kabisa. Chai ya rangi nzito imechemka mpaka imekuwa kama kahawa, unatia maziwa mazito ya kopo, unachukua vikombe viwili vya chuma, mkono mmoja unapanda juu ya kichwa mwingine unashuka kiunoni na chai inaruka katikati kama kamba, unamimina unarudisha unamimina unarudisha mpaka povu linasimama. Ukitetemeka umemwaga. Povu likiwa dogo wateja wa Kimalaysia wanakuangalia tu usoni, hawasemi kitu, na wewe unajua.

Saa 6 mchana. Mlango ukifunguliwa foleni iko tayari barabarani. Hapa lazima niwaeleze hesabu maana watu wengi hawaijui. Tuna viti 40. Chakula cha mchana kinaanza saa 6 kinaisha saa 8 na nusu. Bei yetu ni ndogo, kwa hiyo kiti kimoja lazima kikaliwe na watu wanne hivi mchana ule, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja dakika thelathini na kitu, la sivyo kodi ya nyumba ya mtaa ule hailipiki na ile sahani ya chini ya pauni 10 haipo tena. Ndiyo maana unakalishwa meza moja na usiyemjua. Ndiyo maana bili inakuja mapema. Ndiyo maana mlangoni kuna karatasi inasema meza inatolewa watu wakishatimia. Si ujeuri wetu, ni bei yako wewe hiyo.

Na kwenye lile bamba la chuma karibu na dirisha yupo kaka wa Penang, Malaysia vile vile, anatengeneza roti canai, chapati ya matabaka, huyo foleni nzima inamtazama yeye. Anachukua donge lililolala kwenye samli usiku kucha, analitandaza kwa kiganja, analirusha hewani mara mbili tatu mpaka unga unakuwa mwembamba unaona vidole vyake upande wa pili, anaukunja pembe nne, chumani, anageuza, halafu anaipiga makofi ikiwa moto vile vile ili matabaka yaachane. Inakuja na kibakuli cha mchuzi wa dengu. Roti inataka iliwe pale pale, ikipoa inakuwa ngumu, na hilo kumbukeni maana linarudi.

Saa 6 na nusu, mvua. Akaja bwana mmoja na mwenzake, koti zuri, kadi ya ofisi shingoni, akaniambia tuko wanane. Nikamuuliza wengine wako wapi, akasema njiani. Nikamwonesha karatasi, nikamwambia kwa upole kabisa nitakuwekeeni meza mkishatimia, kwa sasa nina nafasi ya wawili. Akasema wako dakika mbili tu. Nyuma yake kuna watu kama ishirini wanaloa, wamekuja wamekamilika, wana saa moja ya chakula basi na nusu yake imeshaliwa na foleni. Nikamwambia basi subiri pembeni hapa niwapitishe hawa. Hapo ndipo akapandisha sauti, unajua mimi ni mteja wa hapa, unajua naleta ofisi nzima, nataka kuongea na meneja. Meneja akaja, akasema maneno yale yale niliyosema mimi, na yule bwana akaitikia "sawa" kama vile ni mara ya kwanza kuyasikia. Hicho kitu kinaniuma kuliko kelele zenyewe. Neno la mhudumu halihesabiki mpaka limetoka mdomo mwingine.

Wenzake wakaja wawili, kisha mmoja, kisha watatu, dakika ishirini na tano. Nikawakalisha. Sasa oda: mmoja kasema nasi lemak bila karanga, nikamuuliza ni mzio au hupendi tu, maana ikiwa mzio hatuondoi tu karanga juu ya sahani, tunabadilisha ubao, kijiko, glavu, na Kak anapika pembeni. Sheria hapa ina vitu 14 vya mzio na kwenye sahani moja ya nasi lemak kuna karanga, samaki, yai, na kwenye sambal kuna kamba, vyote hivyo mhudumu lazima awe navyo kichwani wakati meza nyingine tatu zinamwita. Yule dada akasema ni mzio kweli. Yule bwana akaguna, "tunaharakishwa kukaa halafu tunacheleweshwa na maswali." Nikanyamaza nikaandika.

Roti zikafika nane zinatoa moshi. Wakaanza kupiga picha. Mara simu ya mmoja ikalia, wengine wanacheka, dakika kumi zinapita, mimi napita na trei naziona tu zinanyauka pale. Kisha mkono juu: roti zimepoa, ngumu, tuletee nyingine. Kaka wa Penang ana oda kama thelathini mbele yake. Nikarudi mezani nikamwambia yule bwana zilikuja za moto na tukitengeneza nyingine zitaingia kwenye bili. Akanitazama. Akasema sitaki. Mwisho bili, wanane kadi nane, kila mtu alipe chake na wamechangia sahani, mmoja anadai hakunywa chai, mwingine hakugusa kuku, mashine iko mkononi mwangu na mlangoni watu wanagonga kioo, na yule bwana akamalizia kwa kutaka ile asilimia 12.5 ya huduma inayoongezwa kwenye bili iondolewe. Ni haki yake, ni ya hiari, nikaiondoa. Lakini mjue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria ya hapa inamtaka mwajiri atugawie hela hiyo yote bila kukata kitu, kwa hiyo ukiiondoa humkomoi tajiri, unamnyima aliyekubebea sahani na aliyekuoshea.

Yule dada mwenye mzio alirudi mlangoni akanishika mkono akasema asante kwa kuuliza.

Saa 8 hivi, nadhani, maana kuanzia hapo saa sikuiangalia tena. Swala ya Ijumaa imetoka msikiti mkubwa wa Whitechapel na watu wanakuja kwa miguu, kanzu, makoti, watoto, na sisi chakula chetu ni halali kwa hiyo wimbi la pili linatua kabla la kwanza halijaondoka. Laksa imeisha. Wali unapikwa mwingine, tui na jani la pandan, jikoni Kak anapiga kelele za Kimalay naelewa nusu na nusu nakisia. Miguu imeanza kuwaka kwenye nyayo, mgongo nao, hapo unatembea kwa mazoea tu, meza ya tatu maji, meza ya saba bili, dirishani teki-awei nne, dereva wa pikipiki amesimama anauliza oda yake.

Katikati ya hayo akaingia mama mmoja wa Mombasa anayefanya usafi hospitali ya Royal London, anakuja kila Ijumaa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umechoka wewe, macho yamekuingia ndani." Nikamwambia leo kumewaka. Akasema "niletee wali wangu wa nazi, niongezee dagaa, na hiyo pilipili usinionee choyo." Nikamwekea dagaa wa kutosha. Alikula taratibu lakini hakukaa, alijua kuna watu wamesimama, akainuka akapanga sahani na kikombe chake pamoja, akaniwekea mkono begani akaenda zamu yake. Mtu anayefanya kazi kwa miguu yake anamjua mwenzake.

Tulikula sisi saa 9 na nusu au 10, tumesimama nyuma ya jiko, wali, yai la kukaanga, mabaki ya sambal na vipande vya rendang vilivyong'ang'ania chini ya sufuria ambavyo mimi naona ndivyo vitamu kuliko vyote. Hakuna aliyeongea kwa muda.

Baada ya hapo ni kusugua. Meza, sakafu, mashine ya chai, chini ya friji. Kisha unga wa kesho, kaka wa Penang anakanda, mimi napaka samli madonge na kuyapanga kwenye trei, maana Jumamosi maofisi yamefungwa lakini watu wa matembezi wa Brick Lane wanamiminika huku kwetu. Kabla sijavua aproni nikamwomba meneja kalamu nene, ile karatasi ya mlangoni nikaiandika upya kwa herufi kubwa, nikaibandika usawa wa macho, na nikamwambia kesho mtu akiuliza, jibu la kwanza litakalotoka kwa mhudumu yeyote ndilo hilo hilo, asiitwe yeye. Akakubali. Zamu ya jioni ikaingia, nikatoka kuwahi treni.