Gego langu lilikuwa zima, msumbufu alikuwa ndani ya taya

Ningesikiliza ushauri wa mwanzo, leo ningekuwa na pengo la bure. Picha ya eksirei ilionyesha doa jeusi kwenye taya la chini, kuanzia chini ya gego hadi taya linapopinda kupanda juu. Uso haukuvimba wala sikusikia maumivu. Kila mjuzi akaja na lake: "Usaha huo, ng'oa jino!" Nikapewa na antibayotiki. Nikameza dozi nzima, doa halikutikisika.

Daktari mmoja ndiye aliyenikosha. Alipulizia kipamba dawa ya baridi kikaganda, akakibandika kwenye gego. Niliruka nusura nimng'ate vidole! Akacheka: "Hili lina uhai. Kifuko cha kwenye mzizi huletwa na jino lililokufa." Akachoma sindano kwenye taya, yakatoka, si maji wala usaha, bali mabonge meupe mazito ya keratini, protini ileile ya kucha na nywele. Kinyama kikapelekwa maabara, jibu likaja: keratosisti, yaani kifuko cha ndani ya taya kinachojaa keratini. Chini ya hadubini utando wake ni mwembamba, tabaka 6 hadi 8 za seli, zile za chini zimesimama kwa mstari kama nguzo za ua.

Jambazi hili hutambaa kwa urefu ndani ya mfupa, ndiyo maana shavu halisemi kitu. Tena lina tabia ya kurudi, kwa sababu ukuta wake huwa na vifuko vichanga vinavyoweza kubaki. Shirika la Afya Duniani lenyewe lililiweka kundi la tyuma (uvimbe wa seli zinazokua ovyo) mwaka 2005, likalirudisha kwenye sisti (vifuko) 2017, kwa hiyo ukikuta majina mawili usipate presha.

Kwa kuwa kifuko kiligusa mshipa wa fahamu wa mdomo, kwanza niliwekewa kijibomba ili kifuko kinywee. Kazi ya kukisafisha kwa maji ya chumvi ni yangu, na chakula hupenda kuziba tundu. Dawa niliyogundua: vuta shavu kwa mgongo wa kijiko, tochi ya simu iegemee kioo, bomba la sindano lisilo na ncha kali lisukumwe polepole. Ukiharakisha, maji yote kifuani.

Kiliponywea, kikakwanguliwa. Gharama ilizidi ya kung'oa jino kwa mbali, sikatai. Eksirei napiga kila mwaka, maana hurudi hata baada ya miaka mingi. Na ukiwa na vifuko hivi vingi kwa pamoja, uliza kuhusu sindromu ya Gorlin, ugonjwa wa kurithi unaoambatana pia na saratani za ngozi. Daktari atataka kuona na ngozi yako.