Mchicha wangu umeota getini

Masika ya mwaka huu nikasema na mimi nalima bana. Sa usicheke, shamba lenyewe ni kaeneo nyuma ya nyumba hapahapa Dar, kati ya simtenki na ukuta, hatua sita kwa nne. Ila mvua zikikolea na Bonde la Msimbazi likajaa maji, bustani za kule zinazama na fungu la mchicha sokoni linakuwa dogo kama kishada cha maua, ndo hasira zilipoanzia.

Nikanunua mbegu, nikamwaga Jumamosi jioni nikaenda kulala najiona bwana shamba. Usiku ikanyesha ile mvua ya kupiga bati mpaka husikii tivii. Asubuhi tuta limekuwa uji, mbegu hamna. Wiki mbili baadae nafungua geti naona kijani kimejipanga vizuuri kwenye mfereji, mchicha wangu wote umehamia huko, jirani akaniuliza "shoga, siku hizi unalima barabarani?"

Mara ya pili nikamsikiliza huyohuyo jirani. Tuta liinuliwe maji yasituame, mbegu za mchicha ni ndogo mno so unachanganya na mchanga mkavu ndo unamwaga zisirundikane, kisha unatandaza nyasi kavu juu mvua isizichimbue, mbegu zikishachomoza siku ya nne ya tano hivi unaziondoa hizo nyasi. Na mbolea ya kuku isiwe mbichi!! Mi niliweka mbichi upande mmoja, miche ikababuka kama imemwagiwa maji ya moto.

Matembele ndo zao la mvivu, Mungu ayabariki. Nilipewa vikonyo na jirani, nikavikandika kwenye udongo uliolowa, wiki tu vimeshika. Shida konokono, yale makubwa ya masika, saa tatu usiku natoka na tochi na ndoo naokota, mume wangu anachungulia dirishani anatikisa kichwa tu, lakini kwenye kula yeye wa kwanza.

Maana usiku sa hivi menyu ni moja na hatujachoka. Nachuma ncha za matembele jioni hiyohiyo, nayaacha yanyauke kidogo kwenye ungo wakati nakuna nazi. Kitunguu, nyanya, bamia mbili tatu, matembele yanaiva na tui jepesi, tui zito naweka mwisho na mwiko hautoki sufuriani mpaka lichemke, ukizubaa linakatika unabaki na maji na mafuta. Chumvi, ndimu, basi. Vile viungo vya pakti vya kutia kila kitu mi sitaki kuviona kwenye mboga ya majani, unakula matembele unasikia ladha ya supu ya dukani. Pembeni dagaa wa kukaanga wakavu na pilipili mbuzi moja ya kunukia, ugali wa moto. Nusu saa tumekaa mkekani.

Mchicha wa tutani bado wiki moja hivi. Ila ule wa getini, ule uliojiotea bila mbolea bila nyasi, umenenepa majani kama viganja, umeupita wa tutani mbali. Kesho naung'oa niunge na karanga, kabla mbuzi wa mtaa wa pili hawajaniwahi.