Mkono Uliochelewa

Noti zangu zote za kwanza za tarumbeta Marekani zilitoka mbaya. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Julai 2004, kwenye ukumbi wa muziki wa chuo kimoja cha kanisa kusini mwa Minnesota. Tulikuwa watu thelathini na kitu, tumekaa nusu duara na vyombo vyetu, wote walimu wa bendi za shule isipokuwa mimi. Mbele yetu alisimama mwongozaji mgeni aliyealikwa kutufundisha wiki nzima. Alitupa Suite ya Kwanza ya Holst, mtungaji Mwingereza, ile ya 1909, tuisome bila mazoezi. Muziki ule unaanzia chini kabisa, tuba na yufonia, vyombo vikubwa vya shaba vya sauti nene, peke yao, kama mtu anayetembea gizani kwenye njia anayoijua. Korneti, ndugu fupi za tarumbeta, zilipoingia niliingia nazo kwa nguvu zangu zote, na kila nilichopuliza kilikuwa juu ya wenzangu kwa toni nzima.

Mwongozaji alishusha mikono. Hakukasirika. Aliniangalia akauliza nilijifunzia wapi.

Nilijifunzia Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig waliingia kwetu 1893, na desturi ya Wajerumani ya kupuliza tarumbeta kanisani iliota mizizi mpaka leo: Krismasi, Pasaka, harusi, na zaidi ya yote misibani. Kwa desturi hiyo tarumbeta husoma kitabu kilekile cha nyimbo wanachoshika waimbaji, kwa hiyo do iliyoandikwa ni do ya kinanda. Kwa Wamarekani sivyo. Wao wakiona do kwenye karatasi ya tarumbeta wanapuliza bila kubonyeza pistoni, vile vibonyezo vya chombo, na kinachosikika ni noti ya chini yake kwa toni nzima. Karatasi zao zimeandikwa zikilijua hilo. Miaka ishirini nilikuwa nikipiga chombo kile na sikuwahi kusikia kwamba kuna njia nyingine ya kukisoma.

Nilipomaliza kueleza kwa Kiingereza changu cha kutafuta maneno, yule bwana aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kisha akawageukia wenzangu akawaeleza habari za vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Ujerumani, na kwamba nilichosoma nilikisoma sawasawa. Mpaka leo namshukuru kwa neno hilo. Kisha akaniuliza kama naweza yufonia, maana karatasi yake ya ufunguo wa besi, yaani ya sauti za chini, huandikwa kama inavyosikika. Kwetu kila mtoto alipitia vyombo vyote kabla ya kupewa chake. Nikahama safu, nikaenda kukaa nyuma kulia, karibu na tuba. Kuhama huko ndiko kulikonipa niliyokuja kuyapata baadaye.

Nieleze nilifikaje pale. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa tarumbeta usharikani. Usharika rafiki wa Minnesota ulikuwa umetutembelea, wageni wakatusikia, na mwaka uliofuata wakanilipia nauli na ada ya masomo yale ya kiangazi. Kwao bendi ni somo la shule. Mtoto anapewa klarineti au tromboni akiwa na miaka kumi hivi, na yupo mwalimu aliyesomea kazi hiyo chuo kikuu. Shule zikifungwa, walimu hao hurudi kuwa wanafunzi kwa wiki moja: wanakuwa bendi wenyewe, wanapokezana kuongoza, wanachukuliwa video, halafu mgeni aliyebobea anakaa nao kuitazama. Mgeni mwingine huja kama mpigaji wa peke yake, na walimu hujifunza kumsindikiza.

Kikundi chetu nilikirithi kwa mjomba wangu, aliyenifundisha tangu sijaweza kushika tarumbeta kwa mkono mmoja. Mjomba hakuwahi kusimama mbele ya watu. Alikaa safu ya kwanza, soprano, na kila wimbo aliuanzisha kwa kuinua mdomo wa tarumbeta yake kidogo na kuvuta pumzi. Basi. Watu kumi na wanane wakawa wameingia. Alipokabidhi uongozi alibaki palepale kwenye kiti chake akiendelea kupiga. Mimi nilikuwa nimeiona Bendi ya Polisi siku ya sikukuu mjini Moshi, nimemwona kiongozi wake na kijiti chake, na moyo wangu ukatamani. Nikamwomba fundi seremala anichongee kijiti. Kuanzia siku hiyo nikawa nasimama mbele. Mjomba hakusema neno. Siku naondoka kwenda Marekani alinishika mkono akaniambia, "Nenda, mjomba. Kasikilize."

Jumanne mwongozaji mgeni alituletea muziki wa Grainger, mtungaji mzaliwa wa Australia aliyezunguka vijijini Lincolnshire, Uingereza, miaka ya 1905 na 1906, akiandika nyimbo za wazee jinsi kila mzee alivyoziimba, na makosa yao na visimamo vyao. Baadaye alizifanya muziki wa bendi, ukapigwa mara ya kwanza Milwaukee, mwendo wa saa chache kutoka pale tulipokaa, Machi 1937. Sehemu ya tano, wimbo wa vita, inaanza bila mapigo ya kuhesabu. Kila noti inangoja mkono wa kiongozi, naye anaweza kuirefusha au kuifupisha apendavyo, kwa sababu mzee aliyeuimba ndivyo alivyouimba. Walimu wale, watu wa kuhesabu moja-mbili-tatu-nne mwaka mzima na watoto, walipata tabu. Walikuwa wanabahatisha. Mwongozaji aliwaambia waache kuangalia ncha ya kijiti, waangalie mbavu zake. Kisha akaweka kijiti juu ya stendi na kuiongoza sehemu yote ile kwa pumzi, mikono imelegea, mabega yakipanda na kushuka kidogo tu. Bendi ikaingia kama mlango unaofungwa.

Nilikuwa nimekaa na yufonia mapajani na damu ikanichemka. Nilimjua mtu anayefanya hivyo.

Hata hivyo sikuelewa mpaka Alhamisi. Mpigaji mgeni alifika Jumatano, mama wa makamo aliyekuwa amepiga miaka mingi kwenye moja ya bendi za jeshi kule Washington. Chombo chake kilikuwa yufonia. Nilidhani mtu wa cheo chake angengoja chumba cha nyuma mpaka aitwe. Alikuja na begi lake, akauliza kama kiti cha pembeni yangu kina mtu, akakaa, akapiga na sisi mazoezi yote ya mchana, sehemu ya pili, kama mwanafunzi. Alinukia mafuta ya pistoni. Kila kabla ya noti nilimsikia akivuta hewa, pana na bila haraka, na kumbe nami nikaanza kuvuta pamoja naye bila kukusudia.

Kipande chake kilikuwa tofauti za Arban juu ya wimbo wa Venice, yaani wimbo uleule ukirudiwa na kupambwa kila mara kwa namna nyingine. Arban alikuwa Mfaransa, mpigaji wa korneti, na kitabu chake cha mazoezi cha 1864 bado kipo kwenye mabegi ya wapigaji wa vyombo vya shaba dunia nzima. Tofauti hizo zinaanza kwa upole kisha zinageuka mvua: ulimi unapiga tu-tu-ku, tu-tu-ku, mpaka unaona kama vyombo viwili vinapigwa na mtu mmoja. Kuisindikiza si kazi kubwa kwenye karatasi. Bendi inapiga pum-chaka, pum-chaka. Ugumu uko mahali mpigaji mgeni anapopiga peke yake, bendi kimya, akapanda na kushuka anavyotaka, kisha akarudi kwenye wimbo. Wakati ule ule anaporudi, bendi nzima lazima iwepo.

Kila mmoja wetu alipewa dakika kumi za kumwongozea. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi kabla ya chakula cha mchana. Nilipanda jukwaani na kijiti changu cha Machame, nimevaa shati langu zuri. Kipande cha mwanzo kilienda salama. Mama yule akafika pale pa kupiga peke yake, akapanda, akakaa juu kabisa kwenye noti moja, akateremka, nami nikangoja nisikie noti ya kwanza ya wimbo ili nishushe mkono. Niliisikia. Nikashusha. Bendi ikaja nyuma yake kama abiria aliyeachwa na basi. Tukarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu nilishusha mapema kwa hofu, nikamkata katikati ya noti. Mama yule hakugeuka wala kunionyesha uso wa kuchoka. Alirudi tu mwanzo wa kipande, tena na tena, mpaka dakika zangu zikaisha.

Jioni tulikaa kwenye chumba kidogo, mimi, mwongozaji na mkanda wa video. Aliuchezesha mara ya kwanza na sauti. Mara ya pili alizima sauti. Akaniuliza ninaona nini. Niliona mtu anayepunga mkono kwa ufasaha, na kila pigo la mkono wake linakuja baada ya jambo kutokea. Na sikuona akipumua hata mara moja. Kifua changu kilikuwa kimebanwa kama cha mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mwongozaji hakuongeza maneno mengi. Alisema kwamba mkono wangu unatoa habari za jana.

Nilitoka nje. Kiangazi kule jua linachelewa kuzama, saa tatu usiku bado kuna mwanga juu ya mashamba ya mahindi, na mbu wake wanauma kama wa Kahe. Nilitembea kuzunguka uwanja nikihesabu miaka. Mitano nilisimama mbele ya kikundi chetu na kijiti. Mitano waliingia pamoja, bila kosa, na nilirudi nyumbani kila Jumapili nikiamini ni kazi ya mkono wangu. Lakini mkono ule nilikuwa nimetoka kuuona kwenye televisheni, na mkono ule hauwezi kuingiza watu. Walikuwa wanaingia kwa pumzi ya Mjomba. Alikuwa anaendelea kuinua tarumbeta yake kidogo, kwenye kiti chake, chini ya kijiti changu, na kikundi kizima kilijua isipokuwa mimi. Nililia pale uwanjani. Sioni haya kuliandika.

Kulipopambazuka nilisikia yufonia kutoka ngazi za jengo la muziki. Mama yule alikuwa anapiga noti ndefu, moja moja, polepole sana, mtu aliyekuwa na onyesho jioni hiyo na ambaye vidole vyake vinajua kila kitu. Nilisimama mlangoni nusu saa. Aliponiona alinikaribisha nikae ngazi ya chini yake. Sikuwa na chombo. Alinipigia kile kipande cha peke yake, na kazi yangu ikawa moja: kuvuta pumzi anapovuta. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya nne au ya tano nilijua atavuta kabla hajavuta, kwa namna alivyoteremka kwenye noti ya mwisho, jinsi alivyoilegeza kidogo kama mtu anayeweka mzigo chini. Habari yote ilikuwa mle. Nilikuwa nimeingoja noti inayofuata, na kumbe mlango ulikuwa kwenye noti iliyotangulia.

Asubuhi ile nilipewa dakika tano nyingine mbele ya bendi. Tuliingia pamoja. Mara moja tu, lakini pamoja.

Onyesho la Ijumaa usiku aliliongoza mwongozaji mwenyewe, nami nilikuwa kwenye kiti changu cha yufonia, mahali pazuri kuliko pote ukumbini, kwa sababu kutoka pale nilimwona yeye uso kwa uso na mama yule kwa ubavu. Alipofika kwenye kipande cha peke yake, mwongozaji aliteremsha mikono yote miwili mpaka ubavuni. Hakufuata kwa kichwa, hakuhesabu. Alisimama akimsikiliza kama baba anayemsikiliza binti yake akisimulia safari, na sisi wote tukasikiliza kupitia kwake. Noti ya mwisho ikalegea. Nikaona kola ya shati la mwongozaji ikipanda. Nikaona mbavu za mama yule zikifunguka wakati huohuo. Sikuuona mkono wa mwongozaji kabisa, wala sikumbuki kuamua kupuliza. Tulikuwa tumeshaingia.

Nilipomuaga mama yule aliniuliza ninaporudi nitawapigia nini watu wangu. Nikamwambia kuna mtu mmoja nataka ausome muziki wa Holst.

Ndani ya ndege kutoka Minneapolis kwenda Amsterdam nilitoa karatasi za mistari na nakala ya korneti ya kwanza niliyopewa, nikafungua meza ndogo ya kiti. Mjomba asingeweza kuisoma kama ilivyokuwa. Ingemtoka juu kwa toni nzima kama ilivyonitoka mimi. Nikaanza kuishusha, noti moja baada ya nyingine, na nilipomaliza nikaandika korneti ya pili vilevile, mpaka taa za ndege zikazimwa nikaendelea kwa kitaa cha juu ya kichwa. Juu ya karatasi ya kwanza niliandika jina la Mjomba. Juu ya ile ya pili niliandika langu.