Kwa Walimu wa Ngoma wa Thanjavur

Treni ya usiku kutoka kituo cha Egmore, Chennai, ilitufikisha Thanjavur alfajiri, mashamba ya mpunga ya bonde la mto Kaveri yakianza kuonekana pande zote mbili za reli. Nilikwenda huko kuwaona walimu wa Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, katika mji wao wenyewe, yaani wale waitwao nattuvanar, ambao wamerithishana kazi hiyo kizazi baada ya kizazi, na ambao wakati wa onyesho huketi pembeni na matoazi mkononi huku macho yote yakimwelekea mchezaji.

Katika hekalu la Brihadisvara, lililokamilika mwaka 1010, sikukaa sana, ingawa maandishi ya kutani yanataja wanawake 400 wa ngoma walioletwa kulitumikia. Nilichokifuata kilitokea karne nyingi baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika ikulu ya mfalme Serfoji wa Pili, ndugu wanne walimu wa ngoma, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliupanga utaratibu wa vipande vya onyesho unaofuatwa mpaka leo: hutangulia alarippu, hufuata jatisvaram, shabdam na varnam, kisha padam, na tillana hufunga.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mwalimu mmoja mzee. Alikuwa ameketi mkekani, mbele yake pana kipande cha gogo, na mkononi ana kijiti kifupi kilicholainika kwa kushikwa. Mabinti walisimama pekupeku, magoti yamekunjwa na kuelekezwa nje, wakisubiri. Mzee alitamka, "tai ya tai", kijiti kikagonga gogo, nyayo zikaitikia sakafuni. Zoezi hilohilo likarudiwa kwa kasi maradufu, kisha kwa kasi mara mbili ya hiyo, bila mapigo kuyumba. Alinifafanulia kwamba "ta ki ta" ni mapigo matatu, "ta ka dhi mi" ni manne, na yakiungana huwa saba. Mguu wa binti mmoja ulipochelewa, mzee hakuinua macho; alilirudia tamko lile kwa mkazo, naye binti akajirekebisha papo hapo. Ilipofika zamu ya varnam, aliimba mwenyewe huku mkono ukiendelea kugonga, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu ni mwimbaji, mpiga mapigo na mtunzi wa hatua kwa wakati mmoja.

"Mwalimu, haya yote umeyaandika?" nilimuuliza kupitia mkalimani.

"Maneno yamo daftarini, mwanangu. Pale pa kuvuta pumzi hapaandikiki. Sharti uketi hapa."

Kutoka Kumbakonam nilipanda basi hadi Pandanallur, kijiji alikoishi mwalimu Meenakshi Sundaram Pillai (1869–1954), mzawa wa ukoo wa wale ndugu wanne. Wachezaji Ram Gopal na Mrinalini Sarabhai walisoma kwake. Katika miaka ya 1930 alimfundisha pia Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Brahmin, aliyeanzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra mwaka 1936, na kuanzia hapo ngoma iliyokuwa ya koo za devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, ikaingia katika nyumba za watu wa matabaka ya juu.

Jambo hili lilinisumbua njia nzima. Sheria ya Madras ya mwaka 1947 ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu, na sababu zake zilikuwa na uzito. Lakini wanaume wa koo hizo waliendelea kuitwa kufundisha mabinti wa wengine, ilhali dada zao, waliokuwa wameibeba sanaa hiyo miilini mwao, walitazamwa kwa aibu. Mchezaji Balasaraswati, wa ukoo wa devadasi, aliyefundishwa tangu utotoni na Kandappa Pillai, naye wa kizazi cha wale ndugu, alishikilia urithi wake mpaka akaufundisha Marekani. Wengi wa wanawake wenzake waliacha kucheza kabisa, na sioni namna ya kuwasifu walimu hawa bila kuwataja wanawake hao pamoja nao.