Yesu wa Nazareti, na Sisi wa Kisauni

Bwana asifiwe, wapendwa.

Ukisoma barua za kuomba kazi za vijana wetu utadhani Kisauni, hapa kwetu Mombasa, haikai mtu. Wote ni wa Nyali, mtaa wa wenye nacho, ama Bamburi, ama "hapo karibu na Nyali". Kijana mmoja wa Mishomoroni, tena mwanakwaya, aliniambia bila kuzunguka kwamba akiandika Kisauni, mwajiri huliona panga kabla ya kukiona cheti. Sina cha kumlaumu. Habari za magenge ya vijana wenye mapanga zimetoka Kisauni na Likoni mara nyingi mno, na mtaa ukishapata jina baya, jina hilo humfuata hata anayerudi usiku kutoka mazoezi ya kwaya.

Walio mbali nao wana yao. Dada zetu walioko Doha na Riyadh wakipiga simu wanauliza mahamri na mbaazi, wanauliza viazi karai vya pale Lighthouse, wanauliza kama mvua imenyesha. Mji wanaousifu sasa ndio ule ule waliouapiza wakati wa kuondoka, kwa sababu haukuwapa kazi. Sisi tuliobaki tunaulaani kwenye foleni ya feri Likoni na mifereji inapokauka. Halafu mgeni akithubutu kuusema vibaya, tunamjia juu.

Na wengi wetu kanisani tuna jambo jingine. Mtu akiulizwa "kwenu wapi?" anataja Wundanyi, Machakos au Siaya, ilhali amekulia Mikindani na huko kwao amelala usiku wa Krismasi tu. Hata tukifa tunachangishana pesa za gari ili tupelekwe "nyumbani". Sisemi ni vibaya. Yusufu naye aliwaapisha ndugu zake waipandishe mifupa yake kutoka Misri. Ila Yusufu alikuwa na miaka 17 alipotolewa Kanaani, ndiko alikokulia. Mtoto wa Mikindani amekulia Mikindani.

Sasa tuje Nazareti. Agano la Kale halikuutaja mji huo hata mara moja. Nathanaeli alipoelezwa habari za Yesu aliuliza, "Laweza neno jema kutoka Nazareti?" Tukisoma haraka tunamwona mtu wa Yerusalemu anayewabeza watu wa mashambani. Lakini Yohana 21:2 inatuambia Nathanaeli alikuwa wa Kana ya Galilaya, papo hapo jirani. Dharau ile ilitoka mlango wa pili. Hata hapa kwetu ni hivyo hivyo: mtu wa Nairobi hawezi kutofautisha Mtongwe na Mtopanga, na anayejua kuidharau Likoni sawasawa ni wa Changamwe.

Wanazareti wenyewe hawakulisaidia jina la mji wao. Luka 4:16 inasema Yesu alikwenda Nazareti, "hapo alipolelewa", akaingia sinagogi siku ya sabato na kuwasomea chuo cha Isaya. Mwanzo waliyastaajabia maneno yake. Kisha akawakumbusha kwamba wajane walikuwa wengi Israeli siku za Eliya, ila nabii alitumwa kwa mjane wa Sarepta. Na wenye ukoma walikuwa wengi siku za Elisha, ila aliyetakaswa ni Naamani Mshamu. Kusikia watu wa nje wametangulizwa, sinagogi zima likajaa ghadhabu. Wakamtoa nje ya mji, wakampeleka mpaka ukingo wa kilima wapate kumtupa chini.

Hawakuwa Warumi hao. Walikuwa majirani waliomwona akitambaa, na pengine baadhi yao walifungua na kufunga kila siku milango iliyotengenezwa na Yusufu seremala, mume wa Mariamu. Wako kati yetu ambao mji uliwatenda hivyo: mtaani ndiko walikoumizwa, tena na watu wa nyumba moja. Mtu wa namna hiyo akikataa kurudi hata kwa arusi, tusikimbilie kumwita mwenye kiburi. Yesu alipita katikati yao akaenda zake, na Mathayo 4:13 inaonyesha kuwa alitoka Nazareti akakaa Kapernaumu. Alihama. Hatusomi popote kwamba alirudi kupanga nyumba pale. Marko 6 inaongeza kwamba hata katika kutokuamini kwao aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache, akawaponya, nami huwaza sana juu ya hao wachache, kwamba walimjia huku mtaa mzima umemnunia.

Sasa tazameni. Yesu alikuwa na mji mwingine wa kutaja, tena wenye heshima. Alizaliwa Bethlehemu, mji wa Daudi, mji alioutabiri Mika. Wapo waliomkataa kwa kuwa walidhani hakutoka huko. Yohana 7 inasimulia mabishano hayo. Neno moja tu, "nilizaliwa Bethlehemu", lingewafunga midomo. Injili hazituonyeshi akilisema. Huo ndio uliokuwa Nyali yake, na aliuacha.

Pilato akaandika juu ya msalaba, "Yesu Mnazareti". Utasema ile ilikuwa kejeli ya mtawala. Haya, lakini asubuhi ya ufufuo kijana mwenye vazi jeupe kaburini aliwaambia wanawake, "Mnamtafuta Yesu Mnazareti aliyesulibiwa." Petro alimwinua kiwete penye mlango Mzuri wa hekalu kwa jina la Yesu Kristo wa Nazareti. Na Paulo anasimulia katika Matendo 22:8 kwamba alipoangushwa njiani kwenda Dameski akauliza, "Wewe ni nani, Bwana?", sauti ilimjibu, "Mimi ni Yesu Mnazareti." Amefufuka, amepaa, ameketi mkono wa kuume wa Baba, na bado anajitambulisha kwa mji uliotaka kumtupa bondeni. Wala hakuusafisha kwa kuficha habari. Kile kilima kimebaki katika Luka 4 mpaka leo, kila mtu anakisoma.

Mombasa unajua uchungu wa swali la "kwenu wapi" kuliko miji mingi. Makondakta wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" kutwa, na wengi wa abiria hawaulizi ni kengele gani. Ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao, Wamakua, watu wa upande wa ziwa Nyasa, wengine wametekwa wangali watoto. Walikuwamo pia Waafrika waliokwisha kupelekwa India na kulelewa na misheni huko Nashik kabla ya kurejeshwa pwani hii. Mtu kama huyo ukimuuliza kwao, akutajie nini? Kijiji kilichochomwa? Jina alilolisikia akiwa na miaka minne? Walifanya aliloambiwa Yeremia awaandikie mateka wa Babeli: walijenga nyumba wakakaa, walilima, walizaa, walizika wafu wao. Mjukuu wao akikwambia kwao ni Frere Town, usimuulize tena, "Lakini asili hasa?"

Nazareti nayo ina sehemu nyingine ambayo huwa tunaisahau. Yohana 7:5 inasema hata ndugu zake hawakumwamini. Lakini fungua Matendo 1:14: wako orofani Yerusalemu, wanadumu katika kusali pamoja na Mariamu na wale mitume. Mmoja wao, Yakobo, ambaye Paulo anamwita ndugu yake Bwana, amelelewa katika mji ule ule uliowaka hasira kusikia kwamba Mungu amemjali Mshamu. Kanisa lilipobishana juu ya watu wa Mataifa katika Matendo 15, ni huyo Yakobo aliyesimama na kutoa shauri kwamba wasitaabishwe wale wa Mataifa waliomgeukia Mungu.