Kila magharibi anafunga kanga

Cheti changu cha kwanza cha kozi ya mtandaoni nilikichapisha steshenari kwa pesa yangu, nikampelekea mkubwa wangu wa kazi. Akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele, akaniuliza, "Mbona hakina muhuri?" Nikakirudisha kwenye bahasha. Mpaka leo kimo humo.

Sikununa sana, kwa sababu kozi yenyewe ilikuwa imeshanilipa huko Ngamiani.

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Tanga, na baiskeli ndiyo ofisi yangu. Kwenye barabara mojawapo ya Ngamiani (namba siitaji, Ngamiani hakuna siri) kuna Bi Mkubwa mmoja, mzaliwa wa Pangani, anaishi na binti yake. Jua likianza kuzama anatandaza kanga kitandani, anaweka kipande cha sabuni, kikombe cha bati na leso ya kujifunikia, anafunga fundo. "Naenda kwetu." Binti anamjibu, "Mama, kwenu ndio hapa. Nyumba ya Pangani tuliiuza baba alipofariki." Basi Bi Mkubwa anaangua kilio cha mjane wa leo. Kesho yake magharibi, anapewa tena habari ya msiba uleule, analia upya.

Majirani walishatoa hukumu: kachezewa. Makombe kanywa, ubani umefukizwa. Na mimi mtaalamu, mwenye kitambulisho shingoni, nilikuwa na neno moja tu la kumpa yule binti: "Vumilia." Nikipanda baiskeli kuondoka najiona nimekwenda kumsalimia tu.

Ndipo nikaingia kwenye kozi ya demensia ya Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia. Wanaitoa bure tangu 2013, mtu yeyote anajiandikisha. Ina sehemu tatu: ubongo, magonjwa, na mtu mwenyewe. Ya kwanza ilinitoa jasho. Ya tatu niliisoma mara mbili. Humo nikaelewa kwamba demensia si uzee, ni maradhi ya ubongo, na kwamba mara nyingi kumbukumbu ya jana hutangulia kupotea kabla ya ile ya ujana. Kwa hiyo Pangani ya usichana wake Bi Mkubwa anaiona, msiba wa mumewe hauoni. Tena jioni ndiyo saa ngumu kwa wengi wenye maradhi haya. Ukibishana naye unamwongezea hofu. Mfuate palipo moyo wake.

Nikamwendea binti mbio. Nikamwambia, dada yangu, acha kumpa habari za msiba. Akanikazia macho. "Yaani nimdanganye mama yangu? Dhambi yake ataibeba nani, wewe?"

Hapo kozi ikaniacha njiani. Wenzetu wanalijadili sana suala la kumwambia mgonjwa ukweli au kutomwambia, lakini mimi nilikuwa nimeulizwa habari ya dhambi, nimekaa juu ya mkeka, adhana ya magharibi iko karibu. Tukakubaliana hivi: uongo hatusemi, ila tutauliza. "Mama, huko Pangani jioni mlikuwa mkila nini?" Bi Mkubwa akakaa na furushi lake mapajani, akaanza. Mara samaki, mara bada, mara nani alikuwa akivusha watu mtoni kwenda Bweni na nani alikuwa hataki kulipa. Binti akamsogezea ungo wa mchele. Akawa anachambua chuya huku anahadithia, na mchele wenyewe akauchambua vizuri kuliko mimi.

Si kila siku inakuwa hivyo. Kuna siku alitoka kweli na furushi lake, vijana wa bodaboda wakamkuta anauliza gari la Pangani. Kozi ilizungumzia kengele za mlangoni. Sisi tulikwenda kukaa na wale vijana kijiweni, tukawaeleza bibi anaumwa nini. Sasa wakimwona wanamwamkia, wanampakia, wanamzungusha kidogo, wanamrudisha.

Hilo ndilo ninalowaambia wenzangu wanaoniuliza kozi ipi ni nzuri. Nyingi zimeandikwa na watu wenye nyumba za kutunzia wazee, zamu za usiku na mtu wa kukupokea ukichoka. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 wenye demensia walikuwa milioni 57 duniani, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu, anakotunza binti au mkwe. Shirika hilohilo lina mafunzo yanaitwa iSupport, yaliyoandikwa kwa ajili ya huyo ndugu anayetunza nyumbani. Yana kitabu cha kupakua, kwa hiyo unakisoma hata bando likikata. Sehemu moja nzima inamhusu mtunzaji kujitunza mwenyewe. Nilimsomea binti, akacheka: "Nipumzike? Nani atapika?" Halafu akanyamaza. Halafu akasema, "Hebu rudia hapo."

Za Uingereza pia nasoma, hasa OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha kule. Kwenye kuandika taarifa za mteja zimeninyoosha: andika ulichoona na kusikia, maoni yako yaweke kando. Zamani nilikuwa naandika "familia haijali". Sasa naandika "saa nne asubuhi bibi alikuwa hajala". Ila wakifika kwenye sheria, shika breki. Wao wanapiga simu halmashauri yao. Sisi tuna mtendaji wa mtaa, dawati la jinsia na watoto polisi, na simu namba 116 kwa mambo ya watoto. Ukichanganya, utaumbuka mbele ya watu.

Na video usizihangaikie. Kozi nyingi huweka maneno ya video kwa maandishi. Mimi napakua maandishi tu, nasoma kitandani watoto wakilala.

Juzi binti akaniuliza kama hayo mafunzo ya Tasmania yapo kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake ni cha dukani. Nikamwambia nitakuja nayo mwenyewe. Siku hizi kila Jumatano baada ya alasiri naenda na daftari, nasoma, natafsiri palepale barazani, na majirani wawili wameshasogeza vigoda. Mmoja ni yule aliyesema kachezewa.

Jumatano iliyopita nilikuwa narudisha daftari kwenye mkoba, nafunga zipu. Bi Mkubwa akaniangalia, akautazama mkoba, akatabasamu.

"Nawe mwanangu umeshafunga?"