Ule mstari niliodhani hauna kazi

Leo nimerudisha mstari mmoja wa kodi, yaani maandishi ya programu, kwenye draiva. Mmoja tu, na juu yake nimeweka maelezo ya mistari minne, yaani maelezo yamekuwa marefu kuliko chenyewe kinachoelezwa, na bado naona hayatoshi. Hii habari imenikaa rohoni tangu Jumatatu, nisipoiandika sitalala.

Kwa ambao hamjui, usiku wangu mwingi naupeleka kwenye draiva za keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta; draiva ni zile programu zinazokaa ndani kabisa ya mfumo na kuongea na vifaa, kadi ya mtandao, diski, kamera, vyote hivyo. Watu wakiwaza keneli wanawaza mambo makubwa makubwa kama kugawa memori na kupanga programu ipi ipate prosesa saa ngapi, kumbe zaidi ya nusu ya kodi yote mle ndani ni draiva. Na ndo sehemu yenye makosa mengi. Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford waliipitisha keneli kwenye chombo cha kutafuta makosa, wakakuta kwa baadhi ya aina za makosa draiva zina kiwango mara tatu mpaka saba ya sehemu nyingine za keneli. Mimi hiyo namba hainishangazi kabisa, maana kodi ya kugawa memori inapitiwa na kila kompyuta inayowashwa, ikiharibika asubuhi kufika jioni kila mtu ameshapiga kelele, lakini draiva ya kadi ya zamani nani anaijaribu? Anaijaribu yule aliyebaki na hiyo kadi. Sisi wengine tunaisoma tu kwa macho.

Draiva ninayoizungumzia ni ya kadi ya mtandao ya PCI (njia ya kuunganisha kadi na kompyuta), ya zamani kweli. Nilipoikuta, kwenye faili la MAINTAINERS, linaloorodhesha watunzaji wa kila sehemu, ilikuwa imeandikwa yatima, ndo neno lenyewe wanalotumia kwa kodi isiyo na mtu, na sijui kwa nini lile neno liliniingia moyoni namna ile. Nikatafuta kadi moja iliyotumika, nikaichomeka kwenye kompyuta ya majaribio, nikaanza kuisafisha.

Usafi wa draiva unaanza kirahisi sana. Kuna skripti inaitwa checkpatch.pl, unaielekeza kwenye faili inakutolea malalamiko yake, hapa umeweka nafasi badala ya tabu, hapa mabano yamekaa vibaya, hapa mstari umepita kolamu 100 (zamani ilikuwa inalalamika kuanzia 80, wakalegeza mwaka 2020). Kuna hata folda nzima, drivers/staging, iliyoanzishwa 2008 ili draiva ambazo bado chafu zipate pa kukaa wakati zinarekebishwa, na wengi tumejifunzia humo kutuma kiraka cha kwanza, yaani badiliko la kodi. Sidharau hiyo kazi hata kidogo. Faili la mistari elfu mbili lililokaa hovyo linaficha vitu, ukilipanga unaanza kuona kumbe hapa memori haiachiliwi, kumbe hapa kuna njia ya kutokea kwenye fankisheni bila kufungua kufuli. Shida ni kwamba mkono ukishazoea kufuta, unafuta.

Nikatengeneza viraka kumi na moja. Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na huu wangu ulikuwa naye: viraka kumi vya kupanga tabu, kufupisha majina na kutoa kodi iliyozimwa, na katikati kimoja nilichokiita kuondoa usomaji usiotumika.

Kodi ilikuwa hivi. Mstari wa kwanza `writel`, inaandika biti ya riseti, amri ya kadi kujianza upya, kwenye rejista ya kadi, kisanduku chake kidogo cha kupokea amri. Mstari wa pili `readl`, inasoma rejista hiyohiyo. Mstari wa tatu `udelay(10)`, inasubiri maikrosekunde kumi kadi ijiweke sawa. Sasa ile `readl` ya katikati jibu lake lilikuwa haliendi popote, haliwekwi kwenye kigezo, halilinganishwi na kitu, linasomwa na kutupwa, na hakuna neno hata moja la maelezo pembeni. Nikaona takataka. Nikafuta. Kampaila, inayogeuza kodi kuwa programu, haikusema kitu, sparse, chombo cha kutafuta makosa kwenye kodi, haikusema kitu, aliyerivyu, yaani aliyekagua, akaona mfululizo wa usafi umenyooka akapitisha, na kwangu kadi ikawaka kila nilipojaribu.

Miezi ikapita, toleo likatoka. Jumatatu nikapata ujumbe wa mtu nisiyemjua, ana mashine ya zamani yenye kadi ile, anasema baada ya kupandisha keneli kuna wakati mashine inawaka vizuri tu ila kadi haipo, akizima na kuwasha inarudi, kesho tena haipo. Na hakuja na malalamiko matupu, alikuja na jina la kiraka changu. Alifanya bisekti. Kwa asiyejua, bisekti ni kwamba unachukua toleo lililokuwa zima na lililoharibika, unakata katikati, unakompaili, unawasha, unaangalia, unakata tena nusu iliyobaki, mpaka umpate mwenye kosa. Kati ya toleo moja na lingine kuna mabadiliko zaidi ya elfu kumi, kwa hiyo ni raundi kama kumi na nne. Kumi na nne kwa hitilafu inayotokea kila mara ni kazi ya siku moja, lakini yake ilikuwa inatokea mara moja moja, kwa hiyo kila keneli aliyoikompaili ilibidi aiwashe na kuizima mara nyingi kabla ya kuthubutu kusema hii ni nzima. Wikendi yake mbili zimeishia hapo. Aliandika kwa upole, hana neno la lawama, na ndo maana iliniuma zaidi.

Nikafungua kiraka, nikautazama ule mstari, na sikuchukua hata dakika mbili kuelewa, kwa sababu hii kitu naijua! Nimeshawahi kumwelezea mtu mwingine kwa maneno yangu mwenyewe.

Ukiandika kwenye rejista ya kadi iliyo nyuma ya basi la PCI, prosesa haisubiri maandishi yafike. Inayakabidhi kwa daraja lililoko njiani alafu inaendelea na mambo yake, na daraja linaweza kukaa nayo kidogo. Ni kama umemtuma mtoto akamwamshe jirani, ukaanza kuhesabu dakika kumi za jirani kuvaa, kumbe mtoto mwenyewe bado yuko mlangoni anatafuta ndala. Ukimaliza kuhesabu unatoka ukidhani jirani yuko tayari, na jirani bado amelala. Kusoma ni tofauti, kusoma lazima jibu lirudi kutoka kwenye kadi yenyewe, na kwa sheria za PCI usomaji hauruhusiwi kuyapita maandishi yaliyotangulia, kwa hiyo ukisoma kitu chochote kwenye kadi unakuwa umeyasukuma maandishi yote ya nyuma mpaka yafike. Jibu halina umuhimu, ndo maana lilitupwa. Kazi ya ule mstari ilikuwa safari yenyewe ya kwenda na kurudi. Mimi nilipoutoa, zile maikrosekunde kumi zikaanza kuhesabiwa kabla riseti haijafika, na kwenye mashine yangu daraja ni jepesi kwa hiyo nikaponea, kwenye ya kwake sio kila siku.

Nilitaka kujua aliyeuweka alikuwa na shida gani. git blame, amri ya git (chombo cha kutunza historia ya kodi) inayoonyesha kila mstari uliletwa na nani, ikanipeleka kwenye ukuta ambao kila anayechimba keneli anaufahamu, komiti (badiliko lililohifadhiwa) 1da177e4c3f4 ya Aprili 2005, siku Linus Torvalds alipoiingiza keneli kwenye git ikiwa toleo la 2.6.12-rc2 bila historia yake ya nyuma. Ukifika hapo kila mstari wa zamani unaonekana umezaliwa siku moja. Lakini kuna watu waliigeuza historia ya miaka ya BitKeeper, chombo kilichotumika kabla ya git, 2002 mpaka 2005, ikawa git inayosomeka, nikaingia huko, nikachimba mpaka saa saba usiku, nikaukuta. Kiraka cha mstari mmoja. Maelezo yake yalikuwa mafupi, kwamba kadi ilikuwa inakosa kuamka kwenye baadhi ya mashine na sasa inaamka. Yaani kuna mtu aliteseka na tatizo hilihili zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akalitibu, akaendelea na maisha yake, na sababu ikabaki kwenye historia ambayo keneli haikuibeba. Usione vyaelea, vimeundwa. Angeacha maneno matatu tu juu ya ule mstari nisingeugusa. Ila siwezi kumwekea yeye lawama, mimi ndo niliyefuta kitu nisichojua kimewekwa kwa nini.

Baada ya hapo nikarudi kwenye branchi yangu, tawi la kazi ambalo sijalituma bado, nikaanza kuisoma upya. Kilichonishtua ni kiraka cha kuhamishia draiva kwenye zile fankisheni za `devm_`. Hizi zimekuwepo tangu 2007 na nazipenda kweli, unaomba memori au intarapti (ishara ya kifaa kuiita prosesa), na kifaa kikiondoka keneli inaachilia yenyewe kwa mpangilio wa kinyume na ulivyoomba, huhitaji msururu wa `goto` za kuachilia kimoja kimoja mwishoni. Mimi nilikuwa nimehamisha intarapti tu, memori nikaiacha inaachiliwa kwa mkono kwa `kfree` ndani ya `remove`, fankisheni inayoitwa kifaa kinapoondoka. Kwa macho ni safi, mistari imepungua. Ila vitu vya `devm_` vinaachiliwa baada ya `remove` kumaliza, maana yake memori inaondoka kwanza na intarapti bado iko hai, na kwenye PCI ya zamani laini ya intarapti wanagawana vifaa kadhaa, kwa hiyo jirani akigonga tu, fankisheni yangu inaamka na kwenda kushika memori ambayo sio yake tena. Nikawasha CONFIG_DEBUG_SHIRQ, ambayo makusudi kabisa inarusha intarapti ya bandia pale unapoiachilia ya kugawana, pamoja na KASAN ya kukamata memori iliyokwisha achiliwa, nikaitoa draiva. Ikalia hapohapo. Skrini nzima ya majina ya fankisheni, na ya kwangu juu kabisa.

Mpangilio wa kufungua na kufunga ndo moyo wa draiva, na checkpatch haiuoni. Ninaowaheshimu katika hii kazi ni wale wanaosafisha kwa kuufuata huo mpangilio. Miaka ya karibuni kuna kazi kubwa ilifanyika ya kubadilisha `remove` za draiva za platform (vifaa vilivyojengwa ndani ya mashine) zisirudishe namba tena, kwa sababu aliyeiita alikuwa haifanyii kazi hiyo namba, na draiva nyingine zilikuwa zinarudisha kosa katikati zikidhani zitaitwa tena, kumbe ndo basi, kila kilichobaki kinavuja. Mamia ya faili yalipitiwa, na kila ambapo kurudi mapema kulikuwa kunaacha kitu nyuma ilibidi parekebishwe kwanza. Inachosha kusoma hata kwa nje. Natamani kazi yangu ifanane na ile.

Kiraka cha kurudisha mstari kimeondoka leo saa mbili usiku. Nimeweka Fixes, alama ya kosa linalorekebishwa, na herufi kumi na mbili za komiti yangu mwenyewe, nimeomba kiende na kwenye matoleo ya stable, yale yanayopokea marekebisho tu, na jina la yule mtu liko kwenye Reported-by, yaani aliyeripoti. Maelezo juu ya `readl` yanasema usomaji huu unasukuma riseti ifike kwenye kadi kabla ya kusubiri, usiuondoe. Amenijibu muda si mrefu. Amewasha na kuzima mara sitini, kadi ipo zote sitini, na ameniruhusu niongeze Tested-by, kwamba amekijaribu.

Kwenye branchi vimebaki viraka vitano. Kinachofuata kilikuwa kinafuta `msleep(3)` moja iliyokaa baada ya kuzima umeme wa kadi, haina maelezo, haina historia, na kwenye hati ya kadi sijaiona. Nimekitoa kiraka, ile `msleep` nimeiacha palepale.